Vyuma vya mazoezi: Faida ya Same imo kwenye mizani na tundu

MWEKEZAJI mdogo wa Same anayetaka kuingiza fedha zake kwenye biashara ya vifaa vya mazoezi vya nyumbani ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kufuata mashine za umeme Dar es Salaam, nyingi zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo. Ya pili ni kumpa kazi fundi wa kuchomelea wa hapo hapo mjini.

Njia ya kwanza inavutia macho. Mashine ya kukimbilia ikiwekwa mbele ya duka kando ya barabara kuu, kila abiria atageuza shingo. Lakini kugeuza shingo si kununua, na kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni njia ya kufungia fedha mahali ambapo hazitatoka upesi.

Njia ya pili ndiyo yenye faida. Hata hivyo, nayo haitalipa mpaka mambo mawili yarekebishwe. Uzito unaoandikwa juu ya chuma uwe uzito wa kweli, na tundu la katikati liwe la kipimo kimoja kwa mafundi wote.

Mnunuzi ni nani?

Same inajulikana kwa biashara nyingine. Tangawizi inashuka kutoka Mamba Myamba, mpunga unatoka Ndungu, na mkonge uko tambarare. Vifaa vya mazoezi si bidhaa ambayo mtu angeitafuta kwenye orodha hiyo.

Aidha, mlimani kwenyewe soko ni dogo. Mkulima wa Suji au Chome anayepanda na kushuka kila siku na mzigo kichwani hana sababu ya kununua mashine ya kumtembeza akiwa amesimama mahali pamoja.

Mnunuzi yuko chini, mjini na kando ya barabara. Ni mtumishi anayekaa ofisini kutwa, mwenye duka asiyenyanyuka kwenye kiti chake tangu asubuhi, dereva wa masafa marefu, na mstaafu aliyerudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Yupo pia kijana anayetaka kifua, ambaye huyo hahitaji kushawishiwa na mtu.

Daktari naye ni wakala wa soko hili bila kulipwa kamisheni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kiasi cha mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Watu wa namna hiyo wakifika hospitali huambiwa wapunguze chumvi na wafanye mazoezi.

Serikali nayo imesukuma. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi.

Hapo mfanyabiashara wa Upare atumie akili yake. Kanisa la Waadventista Wasabato liliingia Upare mwaka 1903, na waumini wake ni wengi katika milima ya kusini. Kwao Jumamosi ni siku ya ibada. Atakayepanga kuuza vyuma Jumamosi ya pili kwa kuwa Dar es Salaam wanafanya hivyo, atakuta sehemu kubwa ya wateja wake iko kanisani. Siku ya gulio inafaa zaidi, kwa sababu mteja anashuka akiwa na fedha na anarudi na gari la mizigo.

Ulimwengu umejifunza kwa hasara

Kabla ya kuweka shilingi moja kwenye mashine zenye kioo na waya, inafaa kutazama yaliyowakuta wenye mitaji mikubwa.

Kampuni ya Peloton ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilikuja na baiskeli ya mazoezi yenye kioo kama cha televisheni. Mteja alinunua baiskeli, kisha akaendelea kulipa ada kila mwezi ili apate mwalimu kwenye kioo. Ulipokuja ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020 na watu wakafungiwa majumbani, oda zilizidi uwezo wa kampuni. Mapema mwaka 2021 thamani ya hisa zake zote ilikaribia dola bilioni 50.

Mwaka mmoja baadaye hadithi ilikuwa nyingine. Watu walirudi mitaani, oda zikapungua, na Februari 2022 kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi 2,800 huku mkuu wake akiachia ngazi. Kabla ya hapo, Mei 2021, ilikuwa imeziita zirudishwe mashine zake za kukimbilia kufuatia ajali kadhaa, moja ikiwa imeua mtoto.

BowFlex, jina la siku nyingi katika biashara hii, ilikimbilia kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Machi 2024. Mali zake zilichukuliwa na kampuni ya Johnson Health Tech ya Taiwan kwa dola milioni 37.5.

Mwenye mtaji mdogo asiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Somo lake linafika hadi Same. Mashine inayotegemea kioo, programu na ada ya mwezi ina thamani pale tu kampuni iliyoiunda inapoendelea kuihudumia. Ikiuzwa kama mtumba baada ya miaka michache, mnunuzi anapata chuma kizito chenye kioo cheusi.

Umbo la vifaa nalo linabadilika. Watengenezaji wanapunguza ukubwa. Sasa kuna mashine za kutembelea zinazokunjwa na kuingizwa chini ya kitanda, mabenchi yanayokunjika, mipira ya kuvuta badala ya mashine za nyaya, na vyuma vya mkono ambavyo jozi moja hubadilishwa uzito na kufanya kazi ya jozi kumi. Sababu yake ni nafasi. Nyumba za mijini ni ndogo, na chumba na sebule cha Same hakina tofauti kubwa na chumba cha Tokyo katika jambo hilo.

Lakini vifaa hivyo vipya navyo vina ugonjwa wake. Juni 2025, vyuma vya mkono vya BowFlex vinavyobadilishwa uzito vipatavyo milioni 3.8 viliitwa virudishwe nchini Marekani, kwa kuwa sahani zake ziliweza kuchomoka mtu akiwa amevinyanyua. Kifaa kilikuwa kizuri, kufuli lake ndilo lililoshindwa. Mafundi wa Same waliweke hilo akilini, kwa sababu kufuli ndiyo sehemu ambayo fundi mwenye haraka huifanya mwisho, tena kwa kulipua.

Umeme na vipuri

Mashine ya umeme iliyotumika ina masuala matatu ambayo muuzaji wa Dar es Salaam mara nyingi hayataji.

Suala la kwanza ni umeme wenyewe. Mashine iliyotumika Japani iliundwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Tanzania inatumia volti 230. Bila transfoma ya nguvu inayofaa, mota inaungua siku ya kwanza, na gharama ya transfoma hiyo haimo kwenye bei aliyotajiwa mnunuzi.

La pili ni vipuri. Mkanda wa mashine ya kukimbilia huchakaa, ubao wake huhitaji kulainishwa, na kadi ya umeme hufa. Same iko zaidi ya kilometa 400 kutoka Dar es Salaam na kiasi cha kilometa 100 kutoka Moshi. Fundi anayejua kadi hizo hapatikani kila kona, na mteja ambaye mashine yake imelala miezi miwili hamshauri jirani yake anunue nyingine.

La tatu ni mauzo yenyewe. Mtu ananunua mashine ya kukimbilia mara moja tu. Baada ya hapo muuzaji hana cha kumuuzia. Biashara ya mji mdogo inakula kwa mteja anayerudi, na mashine ya umeme haimrudishi mteja isipokuwa kwa malalamiko.

Msamaha upo mmoja. Hoteli na nyumba za wageni zinazopokea watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi zinaweza kuhitaji mashine moja au mbili. Hizo ziagizwe kwa oda, mteja akiwa ametoa malipo ya awali. Zisiwekwe dukani kwa kubahatisha.

Hesabu ya zege na chuma

Kwa upande wa pili, hesabu ya vyuma vya kienyeji inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kalamu.

Vijana wengi nchini wameanzia kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Kopo la lita nne likijaa zege lina uzito wa kilo tisa na nusu hivi. Makopo mawili na bomba lake ni zaidi ya kilo 20, na kijana ameanza mazoezi bila kwenda dukani.

Sasa hesabu hiyo iingie karakana. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa na kilo 100 za mchanga na kilo 150 za kokoto ndogo, unatoa zege la kilo 300 na zaidi kidogo. Hizo ni sahani 30 za kilo 10 kila moja. Mchanga na kokoto havitoki mbali. Kinachobaki ni kalibu, rangi, nguvu kazi na muda.

Muda ndio wengi wanaousahau. Zege linatakiwa limwagiwe maji kwa siku saba angalau, na nguvu yake kamili inahesabiwa siku ya 28. Anayeuza sahani baada ya siku tatu anauza nyufa. Mwekezaji ajue kuwa mtaji wake utalala karibu mwezi mzima kabla ya mauzo ya kwanza, na apange mapato ya kujikimu katika mwezi huo.

Zege lina kikomo. Kwa uzito ule ule linachukua nafasi kama mara tatu ya chuma, kwa hiyo sahani zinakuwa nene na zinajaza fimbo mapema. Kwa anayeanza, na kwa mtumishi aliyeagizwa na daktari, linatosha. Kijana anayeelekea kilo 100 atahitaji sahani za chuma chenyewe, na huyo anahudumiwa kwa mabamba yanayokatwa kutoka vyuma chakavu.

Wapo watakaosema kuwa China itashusha vyuma vya bei poa na kuwamaliza mafundi. Hoja hiyo ina nguvu kwa bidhaa nyepesi. Kwa vyuma, bidhaa inayouzwa ni uzito wenyewe, na uzito husafiri kwa gharama. Unalipiwa melini, unalipiwa bandarini pamoja na ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, kisha unalipiwa tena kwenye lori hadi Same. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo fundi wa jirani anavyopata kinga ambayo hakuna Bunge lililoipitisha.

Kutokana na hali hiyo, kanuni ya duka la Same inaweza kuandikwa kwa maneno machache: kizito kitengenezwe, chepesi kiagizwe. Sahani, fimbo, benchi na stendi zitoke karakana ya mjini. Kamba za kuruka, mipira ya kuvuta na glavu ziletwe kutoka Dar es Salaam kwenye katoni moja ndani ya buti la basi. Hizo ndizo zinazoweza kupanda hata hadi Mbaga bila kumfilisi mnunuzi kwa nauli.

Tatizo la tundu

Kinachozuia biashara hii isikue ni jambo dogo linaloweza kupimwa kwa rula.

Fundi anayetumia bomba la maji la inchi moja anapata fimbo yenye karibu milimita 34 kwa nje. Mwenzake anatumia la robo tatu inchi, lenye karibu milimita 27. Sahani ndogo za dukani kutoka nje hutobolewa kwa fimbo za milimita 25, na zile za kiwango cha Olimpiki zina tundu la milimita 50. Mteja akinunua kwa mafundi watatu anajikuta na vifaa vya makabila matatu visivyosikilizana.

Matokeo yake ni kwamba mteja hawezi kuongeza. Ananunua seti moja, na akitaka kilo kumi zaidi analazimika kumtafuta fundi yule yule. Fundi akihama au akipandisha bei, mteja anaacha. Soko linabaki la seti moja moja, wakati faida yote iko kwenye kuongeza kilo tano leo na kilo tano gulio lijalo.

Dawa ni rahisi. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina milimita 48 na kidogo kwa nje. Linaingia kwenye tundu la Olimpiki la milimita 50 bila shida. Mafundi wa Same wakikubaliana kuwa ncha za fimbo zote ziwe za bomba hilo, na katikati pakae chuma kigumu kisicho na uwazi ndani ili pasipinde, basi sahani ya fundi yeyote itaingia kwenye fimbo ya fundi yeyote. Itaingia pia kwenye fimbo ya kiwango cha Olimpiki kutoka nje, na mteja aliyehamishiwa Dodoma ataondoka na vyuma vyake vikiwa bado na thamani ya kuuzika.

Bomba hilo hilo, likizungushiwa karatasi nzito na kupakwa oili, linatosha kuachia tundu wakati zege linamiminwa. Hakuna mashine mpya ya kununua.

Tatizo la mizani

Mkulima wa Upare anaijua lumbesa. Amekwisha jaziwa gunia mpaka likaota kichwa, akalipwa kama la kawaida. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa maana ya kipimo cha uongo.

Chuma kilichoandikwa kilo 20 na kubeba 17 ni lumbesa iliyogeuzwa. Safari hii anayeibiwa ni mnunuzi. Na kuna hatari zaidi ya fedha, kwani sahani mbili zikitofautiana kilo mbili, fimbo inalala upande mmoja juu ya kifua cha mtu aliyelala kwenye benchi.

Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo haikosekani kwenye mji unaonunua mazao. Fundi apime kila sahani mbele ya mteja na kuandika kilo zilizopatikana, hata kama ni tisa na robo. Mteja atalipia tisa na robo bila kinyongo. Kitakachomfukuza ni kugundua baadaye kwamba alilipia kumi.

Katika hili duka la mjini lina nafasi ambayo fundi peke yake hana. Mwenye duka anaweza kukataa kupokea sahani isiyopita kwenye fimbo au isiyofika uzito, akagonga alama yake kwenye zilizofaulu, na kuuza kwa alama hiyo. Hapo mtaji wake unakuwa umenunua jina, na jina ndilo litakalomletea mteja kutoka Hedaru na Makanya.

Fedha na watu

Mtaji wa kuanzia si lazima utoke mfukoni kwa mtu mmoja. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wanaochomelea mageti kina sifa ya kuomba, ilimradi kiwe na hesabu zinazosomeka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi la mkopo bila daftari hurudi lilikotoka.

SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi Moshi. Wilayani Hai kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Kwa ushauri wa kalibu na makufuli, safari ya Moshi ni fupi kuliko ya Kariakoo.

Wala kazi yenyewe si ngeni katika milima hii. Mwanahistoria Isaria Kimambo alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi ukoo wa Washana wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, ulivyopata nguvu ya kutawala kutokana na ufuaji chuma, kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Ugweno kilinunuliwa hadi Uchagani. Wanunuzi wale hawakukifuata kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi. Walikifuata kwa kuwa jembe lake lilifanya kazi ya jembe.

Mwekezaji wa Same anayesubiri ishara ya kuanza hana haja ya kusubiri meli. Akate kipande cha bomba la inchi moja na nusu chenye urefu wa shubiri moja, aende nacho karakana, na kila sahani ipitishwe hapo. Ikipita bila kukwama na bila kuyumba, ipandishwe kwenye mizani. Isipopita, irudi kwenye grainda.